Kahawa ya Jumatano

Nianze kwa kuungama: nyumbani kwetu Ruiru kuna kahawa ya kutosha kuamsha mtaa mzima. Iko kwenye kopo la bluu juu ya friji, iko kwenye pakiti mbili kabatini, na kuna nyingine mume wangu aliificha nyuma ya unga ili wageni wasiimalize. Mama mkwe wangu huikuza mwenyewe, ng'ambo ya Thika, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huushuka kwa adabu. Mume wangu naye alininunulia ile chupa ya kioo yenye kichujio cha kusukuma kwa mkono. Maji tunayo, siku nyingi. Na bado, kila Jumatano saa nne asubuhi, nilikuwa naketi Thika mjini, kwenye mkahawa wa ghorofa ya kwanza, karibu na dirisha, nikinywa kahawa ya kununua, na nyumbani hakuna aliyejua.

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, pale pale sebuleni. Jumatano ndiyo siku ya kupeleka mzigo kwa duka la sare huko Thika. Kuukabidhi huchukua dakika kumi. Nyumbani nilisema huchukua asubuhi nzima, kwa sababu mwenye duka hukagua kila kifungo. Sweta zangu hazina vifungo. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mtu asidhani kahawa ya nyumbani ni mbaya. Ni tamu, naapa, ni tamu kuliko ile ya Thika. Tatizo ni kwamba ikishaanza kunukia, kila mtu ananikumbuka. "Mama watoto, ongeza maji, na mimi niko!" mume wangu anaita kutoka bafuni. "Mami, yangu maziwa mingi," anasema mtoto wetu mdogo, ambaye hata haruhusiwi kahawa. Jirani anabisha hodi kuomba chumvi, ananusa hewa, anavuta kiti. Mlangoni kuna mtu: "Mama Sweta, uko?" Namhudumia huyu, naongezea yule, na nikirudi kwa kikombe changu nakuta kile kimatope cha chini, kimeshapoa. Nimekunywa kimatope hicho miaka kumi.

Kule Thika mambo yalikuwa tofauti. Mhudumu wa rika langu, mwanamke mwenye hereni kubwa, alikuwa anakuuliza jina, analiandika kwenye kikombe cha karatasi, halafu kahawa ikiwa tayari analiita kwa sauti. Alikuwa anaita jina langu. Jina langu mwenyewe, lile nililopewa nikizaliwa na ambalo liliwekwa kando siku nilipojifungua. Mara ya kwanza kulisikia niliinuka kwa kasi nikaangusha kiti. Sikuwa nimeitwa hivyo na mtu anayetaka kunipa kitu tangu nilipokabidhiwa cheti cha shule ya upili. Nilirudi Ruiru siku hiyo nikiimba, na jioni nikachoma ugali bila kujali.

Basi saa hiyo moja ya Jumatano ikawa yangu. Mtu angeniambia nichague kati yake na mashine ya kufuma, ningeomba muda wa kufikiria.

Ndipo goti la mama mkwe likakataa mteremko. Daktari akasema akae mahali tambarare na afanyiwe mazoezi hospitalini mara moja kwa wiki, kwa hivyo akaja kwetu na mfuko mmoja wa nguo na mifuko mitatu ya ndizi. Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kuona. Akiingia jikoni kwako husema tu, "Hii sufuria imefanya kazi," na wewe unaisugua hadi saa ya chakula cha jioni. Nilimuuliza siku ya mazoezi ni gani. Akasema Jumatano. Nikamuuliza wapi. Akasema Thika.

Moyo ulishuka hadi kwenye ndala. Nilijilazimisha kutabasamu nikasema, "Mami, nitakuwa nikikupeleka."

"Mimi si mtoto wa kushikwa mkono," akasema. "Wewe peleka sweta zako."

Sikubishana naye. Hata kubembeleza kidogo kwa ajili ya heshima sikubembeleza. Yeye akawa anatoka saa moja, mimi saa tatu, na alasiri anarudi akihema kwenye kochi. "Laini ilikuwa ndefu leo," anasema. "Watu ni wengi hiyo hospitali, hata benchi hakuna." Nilimwonea huruma kweli. Nilimchemshia chai, maana yeye ni wa chai, ile ya maziwa iliyochemka hadi ikachoka. Kahawa aliichuma miaka yote, akaipeleka fakitori ikaoshwa na kuanikwa, na sikuwahi kumwona akiionja. Ajabu ni kwamba kadiri laini zilivyozidi kuwa ndefu, ndivyo alivyozidi kuchangamka. Jumatano moja alirudi akimcheka kuku wa jirani bila sababu yoyote.

Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, tulipita mbele ya mkahawa mpya wa hapa Ruiru, wa vioo vitupu. Ndani watu walikuwa wameketi na vikombe vyao. Mume wangu akasimama kuwatazama.

"Na hawa? Kwani hawana jiko kwao?"

"Haiya! Hata mimi nashangaa!" mama yake akadakia, akagonga mkongojo chini. "Mtu ako na maji, ako na moto, ako na kahawa kwa nyumba, halafu anaenda kununua kikombe nje! Huo ni uvivu, hakuna jina ingine." Kisha akanigeukia mimi.

"Ni uvivu tu, mami," nikasema. Tukacheka sote watatu, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Siku mbili baadaye, nikitandika kitanda chake, niliinua mto nikakuta kijipakiti cha sukari ya kahawia, chenye picha ya ndege mdogo. Nilikijua kile kijindege. Kilikuwa cha mkahawa wangu wa Thika, na vijipakiti vya aina hiyo nilikuwa na vinne ndani ya mkoba, kwa sababu mimi situmii sukari na siwezi kuviacha. Nikaketi kitandani. Amepekua mkoba wangu, nikawaza. Amejua kila kitu, ameweka ushahidi chini ya mto, na yale maneno ya uvivu alinilenga mimi. Anangoja tu siku ya kumwambia mwanawe. Saa yangu ilikuwa imekwisha.

Sijawahi kuwa mkwe mwema kama siku hiyo. Nilimpigia pasi vitambaa vyake vyote vya kichwa. Nilipika chapati Jumanne, tena za maji moto. Nilimwekea stuli chini ya mguu kabla hajaketi.

"Wewe ni mgonjwa?" akaniuliza, akinitaja kwa jina la kifungua mimba wangu kama anavyofanya siku zote, mama ya fulani. "Ama uko na maneno?"

"Niko sawa, mami."

Kufikia usiku uamuzi nilikuwa nao: nitaenda mara moja ya mwisho, nikiage kikombe, nijirudie nyumbani kabla sijaaibishwa.

Kwa hivyo Jumatano ilipofika nilikabidhi sweta, nikapanda ngazi, nikataja jina langu polepole ili nilisikie vizuri. Niliitwa. Nikachukua kikombe, nikaketi dirishani nikijionea huruma kwa raha zangu zote. Povu lilikuwa limechorwa jani. Nilikuwa bado sijalivuruga lile jani wakati mwanamke wa hereni alipoita jina jingine.

Lilikuwa jina la binti yangu.

Nilisimama. Mtoto wa miaka kumi, niliyemwacha Ruiru akiwa na sare na mkoba mgongoni, anafanya nini Thika mkahawani saa nne asubuhi? Mkono ulikuwa tayari kiunoni na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Hereni zikaita mara ya pili. Nikaangaza meza zote. Zikaita mara ya tatu, kwa upole kabisa, na nyuma ya nguzo nikaona mkongojo ukitokeza, halafu kitambaa cha kichwa nilichokipiga pasi kwa mikono yangu.

"Nimeskia, nakuja," akasema mama mkwe wangu.

Bila shaka lilikuwa jina lake. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na wangu alilichukua hata kabla hajakauka nywele. Nililijua hilo. Nilikuwa nimesahau tu kwamba jina lilikuwa na mwenyewe.

Akachukua kikombe, akageuka, akaniona. Midomoni alikuwa na povu la kikombe cha kwanza.

"Wewe," akasema.

"Mami."

"Na sweta?"

"Nishapeleka. Na goti?"

Akalitazama goti lake kana kwamba ndilo lililomchongea. "Goti ilipona kitambo," akasema. "Wiki tatu sasa."

Sijui nani alianza. Najua tulicheka hadi mkongojo ukaanguka, na tukainama kuuokota wote wawili tukagongana vichwa, tukacheka upya. Alikuwa analia kwa kicheko, akijipangusa kwa kile kitambaa changu cha pasi. Nilipofungua mkoba kutafuta leso, vile vijipakiti vinne vilimwagika mezani. Yeye akafungua wake akanionyesha vyake. Alikuwa na kumi na moja.

Tulipotulia akanieleza. Siku ya kwanza alipanda zile ngazi akitafuta choo. Akaambiwa choo ni cha wateja, kwa hivyo akanunua kikombe, na akaulizwa jina. Kumbe wiki zote hizo alikuwa akinywa na kuondoka kabla sijafika; siku hiyo ndipo alipoongeza kikombe cha pili.

"Nikamuuliza, ya nini? Akaniambia, ndio nikuite. Gai! Nikamwambia tu." Alizungusha kikombe hadi maandishi yakamtazama yeye. "Huku kwako naiskianga kila siku, hiyo jina. Ni viatu ziko wapi, ni homework, ni kwani wewe huskii? Mimi hushtuka kila mara. Naanza hata kuamka. Sikuwa nakumbuka vile inaskika mtu akiiita kama hajakasirika."

Nilihesabu kimya kimya asubuhi hiyo peke yake: nilikuwa nimelipaza jina hilo kwa hasira mara tano kabla ya saa moja, mara moja kwa sababu ya soksi.

"Nisamehe, mami," nikasema. "Kuanzia leo, nyumbani, hata wewe nitakuwa nakuita kwa jina..."

"Thubutu!" Akanyoosha ule mkongojo kuelekea pua yangu. "Mimi ni mama mkwe yako. Utaniheshimu."

Na alikuwa na haki. Nyumbani kwangu haiwezekani, si kwangu, si kwa mwanawe, si kwa mtu yeyote aliye hai, maana waliokuwa wakimwita hivyo aliwazika. Hata chupa ya kioo ingekuwa na vichujio kumi isingesaidia. Akaonja, akakunja uso. "Lakini hii kahawa haifikii yetu."

"Haifiki kabisa, mami."

"Ni maji tu."

Tukaimaliza yote.

Jioni ile mume wangu alimuuliza mama yake goti linaendeleaje. "Bado," akasema, akilisugua. "Daktari anasema tuendelee tu." Nikatamka haraka kwamba sitamwacha tena aende peke yake, kwamba sweta zinaweza kungoja. Mume wangu alinitazama kwa upendo ambao sikuustahili. Kwa kutushukuru akasema tukae, leo kahawa atatengeneza yeye. Tukakaa. "Mama watoto!" akaita kutoka jikoni. "Kichujio kinaingia juu ama chini? Mami, sukari ulihamisha wapi?" Tulienda kumsaidia kabla hajavunja kitu, na kahawa ilipotoka alikunywa yeye, mdogo, na jirani.

Wiki iliyofuata tuliondoka pamoja saa tatu, kitambaa chake kimenyooka, mimi na mzigo wangu begani. Tulipata ile meza ya nyuma ya nguzo. Mimi niliitwa kwanza nikachukua changu. Punde hereni zikaliita jina lake, wazi, likapita juu ya meza zote hadi kwetu. Hakutikisika. Nikadhani hakusikia, maana nyumbani tumekuwa tukisema masikio yake yameanza kuzeeka, nikainuka nimchukulie.

"Mami, umeitwa."

"Nimeskia," akasema, akanishika mkono akanirudisha kitini. "Kaa. Wacha aite tena."