Pampu ya Jua na Ng'ombe Wanne wa Kukopa

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja wa pamba. "Umeacha nyaya za Dar uje kutuuzia jua la Mungu?" mjomba wangu aliniuliza mbele za watu mnadani Bariadi. Wakacheka. Nilikuwa na diploma ya umeme na miaka tisa ya kufunga nyaya kwenye maghorofa. Wilaya nzima hakukuwa na fundi wa kunizidi, nalisema bila haya. Leo mabati yanang'aa paneli kila upande, na wengi wa wanaozifunga walijifunza kwangu.

Lakini diploma hainunui paneli. Mjomba huyohuyo alinikopesha ng'ombe wawili, jirani mmoja, shangazi mmoja. Niliwauza, nikafunga pampu ya sola kwenye kisima cha wafugaji nje ya Mwanhuzi. Tulikubaliana wanilipe maji yakitoka mwezi mzima bila kukatika. Yakikatika, sina cha kuwarudishia watu, na shangazi alikuwa amenipa jike lake pekee la maziwa.

Nilipima jua kwa kifaa, nikasimika paneli kwenye vyuma karibu na birika la kunyweshea. Kazi safi. Siku ya tatu ng'ombe walikunywa wakashiba, kisha wakafanya kile anachofanya kila ng'ombe akiona nguzo: wakajikuna. Vyuma vikalala, paneli mbili zikapasuka.

Na mimi nilichunga hadi darasa la saba!

Mjomba alikuja kuona, akashika kiuno. "Mpwa wangu, huko chuoni ng'ombe hawawashwi?"

Nilikata miiba siku mbili, nikazungushia paneli boma kama la ndama. Nikafunga nyaya za nyumba kule Sapiwi mpaka mgongo ukagoma, nikanunua paneli nyingine mbili. Mwezi ukaanza kuhesabiwa upya. Kila asubuhi niliamka nimechoka, nikaenda kusikiliza pampu. Maji hayakukatika.

Wakalipa. Nikanunua ng'ombe wanne, nikawaswaga mwenyewe kwa miguu: wawili kwa mjomba, mmoja kwa jirani, wa mwisho kwa shangazi.

"Mwangaluka, shangazi."

Aliitikia, akamzunguka yule jike, akamshika chuchu moja moja, akamfunua mdomo atazame meno.

"Huyu amenona kuliko wangu."

"Ndivyo ninavyolipa mimi."

"Haya, tajiri. Miguu imevimba hiyo. Kaa."

Nikakaa palepale zizini, kwenye samadi, nikiwa sidaiwi na mtu.