Ungo Katikati ya Uwanja wa Ndege

Nikitaja ungo na uwanja wa ndege kwa pamoja, watu hucheka. Wanadhani naleta habari za wachawi wanaoruka usiku. Cheka nikimaliza. Jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe, alasiri, jua linawaka, na mke wangu ni shahidi ingawa alikuwa amelala chali ndani ya gari la hospitali.

Miaka ile ya tisini ikielekea mwisho, nilikuwa mlinzi wa uwanja wa ndege wa Nachingwea. Ulinzi gani? Kufukuza mbuzi, na kufukuza kina mama waliokuja kuanika makopa ya muhogo na kupepeta ufuta, maana pale ni pasafi na upepo upo. Uwanja wenyewe ni wa tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, na majani yalikuwa yameula kingo zote mbili mpaka ukabaki mwembamba.

Siku hiyo ilikuwa inakuja ndege ya abiria, kubwa kuliko tulizozoea, ikileta wageni. Daktari alikuwa ameomba irudi Dar na mke wangu. Uchungu ulimshika tangu juzi, mtoto hatoki, damu inatoka. Ndege isipotua, nampoteza. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Upepo ulikuwa unaupiga uwanja ubavuni. Ndege ikaja imegeuza pua upande, kama mbwa anayekimbia huku kiuno kimekwenda kivyake. Ilipokaribia chini upepo ukaisukuma kwenye majani. Rubani akaivuta juu, ikapita vichwani petu kwa kishindo.

"Akishindwa tena anarudi zake," akasema nesi aliyekuwa na mke wangu garini.

Hapo ndipo nilipomwona. Bibi mmoja, kajifunga kaniki, yuko katikati ya uwanja anapepeta ufuta. Nikakimbia. Hata shikamoo sikumpa.

"Bibi, toka! Ndege inashuka!"

"Nani anasafiri, mwanangu?"

"Mke wangu, ana mimba, anakufa! Toka!"

"Basi niache nimalizie ungo huu. Kitakachobaki chako, kitakachopeperuka changu."

"Haya, haya! Maliza usogee!"

Niamini, nilisema tu kama unavyosema wewe ukiwa dukani. Ndipo nikaangalia chini. Shati langu lilikuwa linapigwapigwa na upepo, lakini makapi yake yalidondoka wima, miguuni pake.

Ngurumo ikanigeuza. Ndege inashuka, pua bado iko upande. Nikarukia majanini. Bibi akanyanyua ungo mara moja tu, upepo ukakatika. Lile fuko la kitambaa la kuonyesha upepo likalala kwenye mlingoti wake. Pua ikanyooka, magurudumu yakagusa katikati kabisa.

"Jamani, upepo umekwenda wapi?" rubani aliuliza aliposhuka.

Bibi hakuwepo. Hata punje moja ya ufuta haikuwepo. Nesi akaniuliza nilikuwa nagombana na nani kule peke yangu.

Mke wangu alirudi kutoka Dar mwezi uliofuata, amekonda, mikono mitupu. Mtoto hakulia hata mara moja. Nilikuwa sijamwambia lolote, nakuapia. Jioni ile ile akaniuliza, "Hivi yule bibi aliyekuwa anapepeta ndani ya ndege, alishukia wapi?"

Hatukupata mtoto mwingine. Tulihamia kwao mke wangu, Malolo, huku Ruangwa, na ufuta hatulimi ingawa majirani wote wanalima. Upepo wa mwezi wa saba ukianza, mke wangu hufunga madirisha na hazungumzi na mtu. Lile "haya" nililomjibu bibi silisemi tena kwa mtu. Ukiniaga nitakujibu "nimesikia", na wapo wanaosema nina maringo. Waache waseme.

Lakini wewe unayenisikiliza, mtu usiyemjua akikuomba jambo wakati una haraka, mwache amalize kusema, kisha umuulize ana maana gani, hata kama ndege iko juu ya kichwa chako. Mimi nilidhani ungoni mlikuwa na ufuta.