Aliyeondoka na Ufunguo wa Shangazi Ottavia

Saa nne asubuhi, Nazzareno Bracciforte anapanda ngazi za Roccagrifa, mtungi wa gesi begani, matusi mdomoni. Matusi anayameza kila anapopita mbele ya kanisa, halafu anayatoa tena kwenye kona.

"Nipisheni! Mimi si sanamu, natembea!" anawafokea wageni walioziba ngazi nzima wakimpiga picha paka.

Mlima wa Roccagrifa si wa mzaha. Kuku akitaga huku juu, yai huokotwa kule bondeni. Gari halifiki, pikipiki ilijaribu mara moja, ikarudi chini yenyewe. Kwa hiyo kila anayepika hapa anapika kwa mgongo wa Nazzareno, mwenye miaka hamsini na minane, euro nne kwa mtungi, na magoti yanayolia kuliko mlango wa kanisa.

Nazzareno habishi hodi. Huku ufunguo hukaa nje, kwenye tundu la kitasa, tangu kunapokucha hadi watu wanapokwenda kulala. Jirani anauzungusha, anaita jina, anaingia. Anayeung'oa ufunguo wake mchana ama amefiwa, ama amegombana na mtaa mzima.

Mabasi ya wageni wa siku moja hayajui hayo. Wanashuka asubuhi, wanalamba aiskrimu, wanachungulia kila dirisha, na saa kumi wameshaondoka.

Ottavia Sperandei, bibi wa miaka themanini na sita asiyeweza kuinuka kitini bila kushikwa mkono, aliwahi kuvamiwa jikoni na mgeni na mkewe. Waliipiga picha sufuria yake ya maharage, wakamuuliza makumbusho hayo yanafungwa saa ngapi.

"Nikifa," akawajibu. "Na mkitoka, rudishieni mlango."

Hayo yalichekesha. Ya Jumanne iliyopita hayakuchekesha.

Alasiri hiyo Nazzareno alifika na mtungi kwa Ottavia. Mlango umefungwa, ufunguo haupo, na moshi unatoka chini ya kizingiti.

"Shangazi! Umemkosea nani?"

"Reno, mwanangu, kuna mtu amenifungia! Nimesikia ufunguo ukizunguka! Na maharage yanaungua, siwezi kuyafikia!"

Mlango ule ni wa mwaloni, madirisha yana nondo. Nazzareno akautua mtungi, akashuka mbio. Walioshuhudia wanaapa kwamba kofia yake ilibaki hewani kwenye kona ya pili na ikamfuata baadaye. Huko chini, basi la wageni lilikuwa limeshawashwa. Akasimama mbele yake, mikono ameitanua.

"Nani ana ufunguo wa shangazi yangu?"

"Kaka, tuna ratiba," dereva akasema.

"Na yeye ana moshi!"

Mama mmoja mwenye kofia ya ukindu akafungua mkoba, taratibu, akatoa ufunguo mkubwa wenye utepe mwekundu.

"Niliukuta umesahauliwa mlangoni. Nikaona utapendeza ukutani kwangu."

"Na mlango ukaufunga?"

"Bila shaka. Wezi wangeingia."

Nazzareno anapofika hapa katika kusimulia, mishipa ya shingo inamtoka. "Wezi! Ameubeba ufunguo wa watu kwenye mkoba, halafu anaogopa wezi!"

Aliporudi juu na kufungua, alimkuta Ottavia amejifunika mdomo kwa kitambaa cha sahani, macho mekundu, sufuria imegeuka mkaa. "Umechelewa," bibi akamwambia. "Hakuna kilichobaki."

Kesho yake meya akapita mtaani na agizo: kila mtu aondoe ufunguo mlangoni, kwa usalama wa wageni. Naam, wa wageni. Mtoto wa Ottavia naye akapiga simu kutoka bondeni: kama mlango utafungwa, mama ahamie kwake, ghorofa ya tano.

"Huko nani ataingia kuniuliza nimekula nini?" Ottavia anasema, akimenya kitunguu kwa hasira. "Lifti?"

"Aliyekosa ni mwenye kofia, anayehamishwa ni mwenye goti bovu," Nazzareno anadakia. "Mimi mwenyewe huingia humu mara tatu kwa siku. Mwokaji anaingia. Muuguzi anaingia. Mnataka tupitie kwenye bomba la moshi?"

Kwa hiyo hakumtii meya. Ameutoboa ufunguo wa Ottavia kwenye ncha inayotokeza ndani, akapitisha msumari na kuukunja. Ufunguo unazunguka vizuri, ila hauchomoki. Meya amekuja, akauvuta, akanung'unika kwamba kitasa ni cha kale na hakipaswi kuguswa.

"Basi wewe ndiye umekigusa," Ottavia alimpigia kelele kutoka jikoni. "Ingia, au uondoke!"

Meya aliingia. Akapewa maharage.

Nazzareno anataka kuzikunjia msumari funguo za mitaa yote ya juu kabla ya mavuno ya zabibu, mlango kwa mlango, agizo liwepo lisiwepo. Mtoto wa Ottavia amekubali kusubiri hadi wakati huo.

"Wageni waje tu," Nazzareno anasema, akiuinua mtungi begani. "Lakini atakayeutaka ufunguo huu aibebe nyumba nzima, na shangazi ndani, na ampikie."

"Na yasiungue!" Ottavia anaitikia kutoka ndani.

Mlango uko wazi.