Ngozi ya Pongo

Tangu avuke kizingiti cha jumba lile la wafalme wa kale, ambalo siku hizi ni makumbusho ya sanaa, Adventina alikuwa akisisimkwa mwili. Sanamu za mbao zilimkodolea macho. Mumewe, Gaudiosus, alizichunguza moja moja. Binti yao Vero, mwenye mimba changa, alizicheka.

"Ngoma hii ruksa kuigusa," akasema mwongozaji. "Imewambwa kwa ngozi ya pongo."

Vero akanyoosha mkono. Adventina moyo ukamlipuka.

"Usiguse! Huo ni muziro wako, mwanangu! Mimba itatoka!"

Sauti ikagonga kuta zile nene, ikamrudia. Vero akageuka, mkono ungali hewani.

"Mama, muziro si tunafuata wa baba? Mnyama wetu wa mwiko ni tumbili. Wasiogusa pongo ni wa kwa mzee Edgar, jirani."

Adventina akajiziba mdomo, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Gaudiosus aliiacha sanamu aliyokuwa akiitazama. Akamsogelea Vero polepole, akaanza kumchunguza: paji la uso, pua, kidevu.