Samaki kwenye Neti

Wiki iliyopita nikingoja suruali yangu kwa fundi wa nguo hapa mtaani Migosi, mama mmoja alimwaga samaki wa kitambaa kwenye meza ya cherehani. Alikuwa amewakata kutoka kwa magauni yake ya zamani, akawajaza pamba. Kisha akakunjua neti ya mbu.

"Fundi, nishonee hizi kwa neti. Nataka chumba ya mtoto ipendeze."

Fundi alitoa mguu kwenye pedeli. "Mama, mahali sindano inapita, mbu pia itapita. Si uziweke kwa ukuta?"

"Ukuta ni ya landilodi. Amekataa msumari, amekataa gundi, hata selotepu. Yetu ni hii neti tu."

Fundi aliipapasa neti mpaka juu, penye kitambaa kizito kinachozunguka ringi inayoitanua. "Nitazining'iniza hapa. Mtoto akilala atakuwa anaziona."

Mama aliketi kwenye benchi kama mtu aliyetua gunia.

Wanaotufundisha kupamba vyumba vya watoto hudhani kila mtu ana ukuta. Kwangu pia msumari ni marufuku. Picha yetu ya harusi ingali nyuma ya kochi, imeegemea ukuta tunaoulipia kodi kila mwezi.