Gari Iliyolala Chini kwenye Barabara ya Mweso

Nakumbuka siku moja ya Jumapili, mwanangu, nilipopanda kutoka Sake kwenda Kitshanga na gari nyekundu ya mashindano, ya milango miwili, kuukuu kunizidi mimi mwenyewe. Jana uliponionyesha kwenye simu picha ya ile uliyoipata Goma, ukaniuliza uifungie amortiseri gani, nilikuambia ungoje. Leo nitakuambia polepole.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Butembo kumsaidia baba mdogo katika duka lake la vipuri pale Sake. Gari ile aliiacha mwenye shamba mmoja wa Masisi, nami nikaifufua kidogo kidogo. Ilibaki miguu tu, yaani resori zinazoibeba na amortiseri zinazotuliza mruko wake. Papa Hangi, fundi mzee wa Kihunde aliyenifundisha kazi, alinishauri nichukue zile zenye kitufe cha kulainisha na kukaza mruko tu, gari ibaki juu kama ilivyozaliwa. Mimi nilitaka nyingine, zenye pete ya kuzungusha, inayopandisha na kushusha gari yenyewe. Akaniuliza nani atakaa ndani, na itapita wapi. Nilicheka tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililokaribia kuvunjika halikuwa langu.

Nikafunga zile za pete. Hazikuwa mbaya, nisizisingizie. Ubaya ulikuwa mkononi mwangu: nilizishusha mpaka mwisho, nikazikaza mpaka mwisho. Vijana wa sokoni walisimama kuitazama, nami nikayanywa macho yao kama pombe ya ndizi.

Basi Jumapili ile nilikwenda kumwonyesha dada yangu Kavira, aliyeolewa Kitshanga. Mumewe alikuwa amekwenda Kashebere kwa biashara. Njiani tumbo la gari liligonga mawe mara nyingi, nikajifanya sisikii. Nilimkuta Kavira amekaa mlangoni, mimba ya miezi saba, ameshika kiuno. Uchungu ulikuwa umemwanza tangu misa. Hakukuwa na gari nyingine, malori yote yalikuwa yameshuka Goma. Nikamweka kando yangu, tukaelekea hospitali ya Mweso, na mvua ikaanza.

Mwanangu, umewahi kusikia barabara ikipita ndani ya mtu? Kila shimo lilipanda moja kwa moja kwenye kiti. Nilipoongeza mwendo, alirushwa. Nilipopunguza, niliwaza kwamba tutachelewa. Hakulia. Alifunga macho, akashika kitambaa cha kiti mpaka vidole vikabadilika rangi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, kila jiwe njo iko inapiga mutoto."

Nikasimamisha. Niliweka kriki ya kuinulia gari kwenye tope, nikaingia chini na funguo za nati. Pete za upande wa kushoto zilikubali, gari ikainuka. Za kulia zilikuwa zimeshikwa na matope. Nilizipiga, nikazisihi kama mtu, zikakataa. Nililegeza ugumu kadiri nilivyoweza, tukaendelea gari ikiwa imeinama upande mmoja, mwendo wa mtu anayetembea. Mama mmoja mwenye mzigo wa viazi alitupita kwa miguu. Nilisali rozari, nikapotea katikati, nikaanza tena.

Mweso walimpokea. Muuguzi alitazama gari, akanitazama mimi, akamshika Kavira mkono kumwingiza ndani. Siku tatu Kavira alilala bila kuruhusiwa hata kukaa. Hakuna aliyeniambia kama mtoto atabaki. Mimi nililala kwenye benchi, kila mlango ukifunguka nasimama.

Siku ya nne uchungu ulitulia. Mtoto alikaa tumboni mpaka mwezi wake, akazaliwa wa kike, leo ana watoto wake. Lakini mimi niliporudi Sake sikuwa na furaha ya mtu aliyeokoka. Nilimweleza Papa Hangi yote. Aliweka chini funguo aliyokuwa akiifuta, akasema, "Ulichagua kwa macho ya batu ba pembeni ya barabara. Dada yako alikuwa ndani."

Kisha akanipa kopo la grisi, tukaanza kuzifungua zile pete za kulia.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze na picha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anza na barabara utakayopita kila wiki, si ile lami ya siku ya harusi. Kisha hesabu watu, na katika hao mfikirie aliye dhaifu kuliko wote. Ukichukua zenye pete, sawa, ila pima kimo cha gari ilivyozaliwa kabla hujagusa kitu, uzipake grisi, na uzizungushe mara kwa mara zisishikane. Anza na ulaini, kaza kidogo, jaribu, rudi. Ukinunua aina ambayo hakuna fundi wa Sake anayeijua, utakuwa peke yako kwenye tope. Na mzee akikuuliza swali, usicheke.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe mikono mitulivu na sikio jepesi, na kila atakayepanda kwako, mzima au mgonjwa, ashuke akiwa hai.