Siku Injini ya Baba Ilipowaka

Juzi, kwenye gereji moja pale Ilembo, nilisikia turbo ikipiga mluzi, nikamkumbuka baba.

Pikapu yetu ndiyo iliyotulisha, na ilipokufa injini alihangaika miezi mingi kuiunda upya: bloku ileile ya zamani, silinda hedi ya gari jingine, turbo ya lori bovu. Mchana mmoja ikawaka. Uwanja ulijaa moshi, harufu ya dizeli na mluzi ule. Baba hakucheka. Alijilaza juu ya gunia, akafumba macho.

Uchovu wa namna ile nilikuwa siujui bado. Nilidhani amekufa, nikamkimbilia mama nikilia. Mama akaja, akamwinamia baba, akamsikiliza anavyopumua.

“Amelala tu, mwanangu.”

“Basi tuzime gari?”

“Liache. Likinyamaza ataamka.”